Ploti, Viazi na Mkopo: Hesabu za Darasani Mjini Chaka

Hesabu za Gredi ya 7 hadi ya 9 hufanywa kila siku Chaka, mji wa Kaunti ya Nyeri ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Nanyuki. Sekondari msingi ilipoanza nchini Kenya mwezi Januari 2023, chini ya mtaala wa umilisi, CBC, lengo lilikuwa mwanafunzi atumie anachokijua badala ya kukikariri tu. Chaka haikosi mahali pa kukitumia. Tofauti ni kwamba darasani kipimo huandikwa kwa namba, na mtaani huitwa kwa jina. Na jina huweza kuficha namba.

Ardhi ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa thumni ya ekari, yaani sehemu moja ya nane. Hamsini mara mia ni futi mraba 5,000. Ekari nzima ni futi mraba 43,560, nayo ikigawanywa kwa nane hutoa 5,445. Ploti hiyo basi imepungua futi mraba 445, karibu asilimia 8 ya thumni kamili. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 200 kwa futi mraba, pengo hilo ni shilingi 89,000.

Si lazima muuzaji awe mdanganyifu. Ploti nane za futi mraba 5,000 huchukua 40,000, na zile 3,560 zinazobaki huachwa ziwe njia. Lakini hata hapo hesabu haitoshi. Zikipangwa nne huku na nne kule, na njia ya futi 20 ikipita katikati, shamba lote linahitaji futi 200 kwa 220. Hiyo ni futi mraba 44,000, ambayo inazidi ekari kwa 440. Ama njia itabanwa au ploti zitapunguzwa, na mnunuzi asiyepima hajui ni ipi iliyopunguzwa. Tepu na dakika kumi za kuzidisha zinatosha kumwonyesha.

Ujenzi ukianza, fundi hupima futi 3 upande mmoja wa kona, futi 4 upande wa pili, kisha huvuta tepu kutoka alama hadi alama. Ikisoma 5 kamili, kona ni digrii 90. Ikipungua au ikizidi, kigingi husogezwa. Ndiyo kanuni ya Pythagoras: 9 na 16 ni 25. Fundi mwangalifu hutumia 6, 8 na 10, kwa sababu kosa dogo la pembe huonekana vizuri zaidi kwenye vipimo virefu.

Nyumba ikiezekwa, paa nalo lina hesabu yake, na katika eneo kavu la Kieni, ambako Chaka iko, hesabu hiyo ina thamani kubwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Mabati yanayofunika mita 8 kwa 6, yakipimwa kwa kivuli chake chini bila kufuata mteremko, ni mita mraba 48. Mvua ya milimita 10 huleta lita 480. Moja ya tano ikipotea kwa kumwagika, hubaki 384. Kwa hiyo kujaza tangi la lita 5,000 kunahitaji mvua ya milimita 130 hivi.

Kwenye viazi, au waru, jina linaloficha namba ni “gunia”. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, kwa sababu mkulima aliyeuza kwa gunia lililoongezewa kilemba juu hakujua ameuza kilo ngapi. Tuseme gunia la kilo 50 linanunuliwa kwa shilingi 1,750, na lenye kilemba, la kilo 110, kwa 3,300. Noti za gunia la pili ni nyingi zaidi, lakini kilo imeshuka kutoka shilingi 35 hadi 30, na mkulima amepoteza shilingi 550. Kugawanya bei kwa uzito ni somo la uwiano, na ndilo linalostahili kufundishwa kwa mizani halisi, viazi vikiwa mbele ya wanafunzi.

Mkopo nao una maneno yake. “Asilimia moja kwa mwezi” ina maana mbili. Shilingi 100,000 zikilipwa kwa miezi 10, mtaji ukipungua kwa 10,000 kila mwezi, riba juu ya salio huanza na 1,000, kisha 900, hadi 100: jumla 5,500. Riba ikitozwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, ni 10,000. Neno ni moja kwenye karatasi zote mbili, kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi ni asilimia moja ya kiasi gani.