Hasara Ipi Ikatiwe Bima

Mkazi wa mjini katika nchi zetu aghalabu huijua bima kwa njia ya gari, na huijua kwa shuruti, kwa kuwa sheria haimruhusu kuliingiza gari barabarani bila ya bima ya kuwafidia watu atakaowadhuru. Hutoa fedha kama atoaye kodi, akapokea hati asiisome, na mwaka ukitimia hurejea akafanya vivyo hivyo; ilhali nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi au kumi na mitano, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, haina bima yoyote, na duka linalowalisha wanawe ni hivyo hivyo, na uhai wake mwenyewe, ambao ndio chemchemi ya riziki ya nyumba nzima, haukuwekewa dhamana hata ya shilingi moja. Mpango huu umepinduka, na kilichoupindua si ujinga wa mtu mmoja mmoja, bali ni historia.

Serikali ya Tanganyika ilianzisha Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya bima Tanzania Bara ikatiwa mikononi mwa shirika hilo peke yake. Zanzibar nayo ikaunda shirika lake mwaka 1969. Na hali hiyo ikadumu mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipowafungulia mlango wafanyabiashara binafsi. Kwa takriban miaka thelathini, basi, kizazi kizima kilikua pasipo haja ya kuchagua, kwa kuwa muuzaji alikuwa mmoja. Leo makampuni ni mengi, na juu yao imewekwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kwa sheria ya mwaka 2009. Lakini mazoea ya kuchagua hayaletwi na sheria, na mtu akisimamishwa mbele ya makampuni mengi bila ya mizani ya kupimia atatazama bei tu, na katika shauri hili bei ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote.

Mizani niitumiayo mimi ni swali moja: hasara hii ikinifika, je, nitaweza kuinuka tena kwa fedha zangu mwenyewe? Simu ikiibwa, au friji ikiungua kwa umeme uliokatika ukarudi kwa kishindo, moyo utauma na maisha yataendelea. Nyumba ikiteketea, hayaendelei illa kwa deni au kwa sadaka za watu. Kampuni ya bima hukusanya ada za wengi ikawalipa wachache waliofikwa, na katikati ya hapo hulipa mishahara, mawakala na kodi, ikabakiza faida. Kwa hiyo anayezikatia bima hasara ndogo zinazojirudia huzilipia, muda ukipita, zaidi ya zilivyomgharimu. Ndiyo maana naupenda mkataba ambao ndani yake mteja hubeba mwenyewe fungu la kwanza la hasara, na fungu hilo si dogo mno. Mawakala hulitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu ya familia, ilhali fungu hilo likipanda ada hushuka, na fedha iliyookolewa yaweza kununua kinga dhidi ya hasara iliyo kubwa kweli.

Kwa mizani hiyo hiyo, bima ya gari tuiitayo bima ndogo si ya kudharauliwa. Bima kubwa hulipa hata gari lako likigongwa, likiungua au likiibwa. Ndogo hulipa madhara uliyomtendea mwingine tu. Lakini thamani ya gari ina kikomo kinachojulikana, na deni la kumlemaza baba wa watoto watano halina. Mwenye gari kuukuu na nyumba isiyo na bima, afadhali ashike bima ndogo na tofauti ya ada aihamishie kwenye nyumba. Siyasemi haya kwa mwenye gari la mkopo wala mwenye teksi, ambaye gari kwake ndilo duka.

Tuje kwenye nyumba. Bima ya moto ya kawaida hulipa moto, radi na milipuko ya aina chache, basi. Tetemeko, mafuriko, dhoruba, ghasia, mabomba kupasuka na gari kuparamia ukuta ni mambo ya kuongezwa katika mkataba kwa maneno na kwa ada, na asiyeyaongeza hana la kudai. Watu wa Bukoba, ambako ardhi ilitetemeka tarehe 10 Septemba 2016 kwa nguvu ya 5.9, na watu wa bonde la Msimbazi waliofikwa na mafuriko ya Desemba 2011, hawahitaji kuelezwa kwamba nyumba huangamia kwa mengine yasiyo moto. Kadhalika jengo likiporomoka pasipo moto wala tetemeko, kama lilivyoporomoka ghorofa la Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mpangaji mwenye bidhaa ndani yake na bima ya moto mkononi ataambiwa kwa kawaida kwamba tukio hilo halimo.

Kiasi cha kuandikisha nacho kina hesabu yake, nayo ni gharama ya kuijenga nyumba upya, si bei ya kuiuza. Mtu aliyeambiwa na dalali kwamba nyumba yake ya Sinza yafikia shilingi milioni 300 huenda akaikatia bima ya milioni 300, kumbe sehemu kubwa ya bei hiyo ni kiwanja, na kiwanja hakiungui. Atalipa ada ya ziada bure, kwa sababu kampuni haitamlipa zaidi ya hasara iliyotokea. Kinyume chake ni yule aliyejenga zamani, akaiandikisha nyumba kwa gharama za mwaka ule na kuihuisha hati kila mwaka kwa tarakimu ile ile, asitazame bei za saruji, nondo na mabati zilivyopanda. Huyu anakabiliwa na kanuni ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote kwa mwenye nyumba na mwenye duka, nayo haitangazwi katika tangazo lolote.

Kanuni yenyewe ni kwamba aliyeikatia mali yake bima pungufu huhesabiwa kuwa sehemu iliyobaki amejiwekea dhamana mwenyewe, na kila hasara itakapotokea, hata iwe ndogo, ataibeba pamoja na kampuni kwa kadiri ya sehemu hiyo. Tuseme bidhaa za duka zina thamani ya shilingi milioni 80, na mwenyewe akaziandikisha milioni 40 ili apunguziwe ada, akijipa moyo kwamba moto hauteketezi duka zima. Moto ukazuka, ukaunguza bidhaa za milioni 20. Yeye hudhani atalipwa milioni 20 zote, maadamu 20 ni chache kuliko 40. Kampuni humhesabia milioni 10, kwa kuwa amekata bima ya nusu, na katika hizo 10 hukata tena lile fungu lake la kwanza. Hapo ndipo mtu hutoka ofisini akiapa kwamba bima ni wizi. Wala si wizi, kwani lau angelipwa zote, jirani yake aliyelipa ada ya bima ya milioni 80 kwa bidhaa kama zile angelipwa sawasawa na yeye, na insafu ingekuwa wapi? Lawama niionayo mimi ni ya wakala aliyeijua kanuni hii akanyamaza ili asimpoteze mteja kwa ukubwa wa ada.

Na mtego huu huwanasa zaidi wenye mikopo. Benki ikikopesha kwa rehani ya nyumba au ya bidhaa hudai ikatwe bima, na mara nyingi huridhika bima ikilingana na deni, kwa kuwa kilichoishughulisha ni deni lake. Mteja naye, akiona hati imekwisha patikana na ada imekatwa katika mkopo, huhisi amekingwa. Kumbe mali ya milioni 120 imeandikishwa milioni 50, fidia ikitoka benki hutangulia kupokea, na mgawanyo tulioueleza umekwisha kuipunguza kabla haijafika popote. Mwenye mkopo na aiombe nakala ya hati, atazame imeandikwa kiasi gani na kwa jina la nani, aongeze palipopungua.

Mwenye duka ana mambo mawili mengine ya kuyatia akilini. La kwanza ni kwamba shehena yake haikai kiwango kimoja: kabla ya Ramadhani na kabla ya Krismasi stoo hujaa mpaka dari, na bima aliyoipima kwa shehena ya Februari itakuwa pungufu siku zile zile ambazo ana mengi ya kupoteza. Makampuni hukubali kuandika kiwango cha juu kabisa na kupokea taarifa ya shehena kila mwezi, lakini lazima uombe. La pili ni ushahidi. Moto kama ule uliolishika Soko la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021 hauunguzi bidhaa tu, bali na madaftari na stakabadhi, na mkadiria hasara atakapofika hatalipia kumbukumbu za kichwani. Risiti za mashine ya EFD, ambazo wengi huziona kuwa adha ya mtoza kodi, siku hiyo huwa mtetezi. Ankara za kununulia, zikipigwa picha na kuhifadhiwa pasipo dukani, huwa mtetezi zaidi. Niongeze kwa haraka kwamba bima ya wizi aghalabu hutaka dalili za kuvunja, na kwamba mkono wa mfanyakazi mwenye ufunguo hukatiwa bima yake mbali. Na kwamba pango la fremu, lililolipwa kwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mishahara ya vijana, haviingii katika bima ya moto mpaka uikate na bima ya kusimama kwa biashara.

Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu kuliko mikataba mingine, maana anayeijua mali ni mwenye mali, na kampuni huamini aliyoambiwa. Ukificha kwamba barazani hukaangwa maandazi usiku kucha, au kwamba chumba cha nyuma kimekuwa ghala la mitungi ya gesi, umeipa kampuni hoja ya kuukataa mkataba siku ya haja. Nyumba ikigeuzwa mgahawa au bweni baada ya hati kuandikwa, toa habari. Ndugu zetu wa Oman, Uingereza na Marekani waliojenga nyumba Tanga, Mombasa au Unguja wakazifunga makufuli, wajue kwamba mikataba mingi hulegeza au hukata kinga nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku thelathini. Na nyumba ya urithi, ambayo hati yake ingali kwa jina la marehemu na warithi hawajagawana, na ikatiwe bima na msimamizi wa mirathi kwa jina la mirathi, kwa sababu mtu hulipwa kwa haki aliyo nayo katika mali, na anayeishi tu ndani ya nyumba aweza kuonekana hana haki ila ya vyombo vyake.

Kwa jamaa, maradhi ndiyo hasara ifilisiyo wengi. Mtumishi wa umma Tanzania amekwisha ingizwa katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, pamoja na mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Waliosalia walitungiwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Anayenunua bima ya afya ya binafsi asiulize kwanza orodha ya hospitali, bali kikomo cha malipo ya kulazwa kwa mwaka, na muda wa kungoja kabla ya uzazi na maradhi aliyokuwa nayo kuingizwa. Ama bima ya maisha, ikatwe kwa yule ambaye kipato chake kikikoma watu watalala njaa. Mimi hukutana na wazazi walioweka fedha nyingi katika mpango wa elimu ya mtoto, ulio nusu akiba na nusu bima, wakashindwa kuuendeleza mwaka wa pili wakarejeshewa akali; lau wangelinunua bima ya kifo tupu juu ya baba au mama, ya miaka ishirini, ada ingelikuwa nyepesi na kinga pana zaidi.

Wapo wasomaji ambao watakuwa wameyapokea haya yote kwa shaka ya dini, na shaka yao si ya kubezwa. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari, yaani kubahatisha, iliyomo, likairuhusu ile ya kusaidiana, ambayo michango ni tabaruu, yaani ya kujitolea, mfuko ni wa wachangiaji, na mwendeshaji hulipwa ujira wa kazi. Bima ya namna hii, iitwayo takafuli, ilianza Sudan mwaka 1979, Kenya ikapata kampuni yake mwaka 2011, na Tanzania nayo sasa ipo. Anayetaka kuinunua aulize mambo mawili tu: ziada ya mfuko mwishoni mwa mwaka inakwenda wapi, na kamati gani ya mashekhe imekagua.

Siku hasara ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni bila ya kukawia, kwa maandishi, usisafishe wala kutupa mabaki kabla mkadiria hajaona. Kiasi kikikubaliwa utaletewa karatasi ya kutia sahihi isemayo kwamba umepokea malipo kamili na huna dai jingine. Kalamu ikishagusa hapo, shauri limefungwa. Kama kiasi hakikuridhishi, usitie sahihi: andika barua ya kueleza kwa hesabu palipopungua, na jibu lisipokuridhisha, lipeleke shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na nakala ya hati, stakabadhi ya ada na barua zote mlizoandikiana.