Donda ndugu na mashine ya mawimbi ya sauti

Wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo walivijua vidonda vya miguu. David Livingstone naye alivijua: mwaka 1870 huko Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vilimfungia kibandani kwa siku 80. Alipaka unga wa jiwe la shaba uliosagwa kwa maji. Wewe usijaribu.

Siku hizi mwenye donda ndugu husikia kwamba ipo mashine ya kuliponya kwa mawimbi ya sauti. Ipo kweli, na ni ndugu ya ile wanayopimiwa wajawazito. Mtaalamu wa fiziotherapia hupaka jeli kwenye ngozi inayozunguka kidonda, kisha hupitisha kichwa cha mashine hapo kwa dakika chache. Mtetemo wake, mara milioni 1 hadi 3 kwa sekunde, unakusudiwa kuamsha chembe hai zinazojenga ngozi mpya.

Je, inasaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 337 nchini Uingereza na Ireland, wenye vidonda sugu vya mguu vitokanavyo na mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Baadhi waliongezewa mashine hiyo mara moja kwa wiki, hadi wiki 12. Vidonda vyao havikupona haraka kuliko vya wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu. Kwa hiyo usiuze mbuzi kuitafuta.

Cha kutafuta kwanza ni chanzo. Omba upimwe sukari. Omba pia mapigo ya damu mguuni yaangaliwe, kwa sababu bandeji ya kubana, ambayo ndiyo tiba kuu ya vidonda vya aina hiyo, inaweza kuudhuru mguu usiopata damu ya kutosha. Kidonda cha miaka mingi ambacho kingo zake zimeinuka kikatwe kinyama kipimwe, maana huenda ni saratani, na mashine hii haipitishwi juu ya saratani.

Kwa mzazi: mtoto akichomwa mwiba au akijikuna alipoumwa na mdudu, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Majivu, dawa ya meno na unga wa betri havipakwi. Kikifika wiki 2 bila kupungua, mpeleke kituo cha afya. Kikinuka, wekundu ukisambaa au homa ikipanda, mpeleke siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata kama hasikii maumivu.