Kwa Nini Homa ya Ini ya Aina B Hulenga Ini

Karibu kila seli mwilini ina jeni zilezile, lakini jeni nyingi za kazi ya ini hufanya kazi kwenye ini pekee. Huwashwa na vipande vya DNA vilivyo kama swichi, vingine vikiwa mbali na jeni yenyewe, ambavyo hushikwa na protini zilizojaa katika seli za ini. Virusi vya homa ya ini ya aina B vimebeba swichi 2 za namna hiyo. Ndiyo sababu huzaliana humo, pengine miaka mingi bila dalili, hadi ini lipate makovu au saratani. Watoto huchanjwa bila malipo katika vituo vya afya vya umma wakiwa na wiki 6, 10 na 14.