Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Juma lililopita niliteremka ufukweni Ujiji asubuhi na mapema kutafuta dagaa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akishona nyavu, aliitambua sauti yangu kabla hajaniangalia usoni.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule wa redioni?"

Nikakiri kwamba ndiye mimi. Akauvuta uzi, akaukata kwa meno, kisha akanitupia swali. "Ile fainali ya Simba na Yanga, mliyotutangazia wiki nzima kwamba neema imefika Kigoma, ilituachia nini?"

Nilianza kumpa majibu ya haraka haraka: heshima, mzunguko wa fedha, mkoa kujulikana. Mzee akacheka. "Hayo nilikwisha kuyasikia wakati ule. Nenda ukafikiri, ujibu redioni. Mimi nasikiliza."

Basi leo najibu. Na ili jibu lieleweke, sina budi kurudi kwenye mwisho wa wiki ule wenyewe, maana wengi wanaukumbuka kwa bao moja tu na mengine wameyasahau.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 25 Julai 2021, katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba na Yanga, watani wa jadi, walikuwa wakigombea Kombe la Shirikisho la Azam. Mwezi ulikuwa umejaa usiku wa kuamkia Jumamosi, na kila mtu wa mwambao wetu anajua maana yake. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikitanda ziwani taa haina kazi, na mvuvi huanika nyavu akapumzika. Kwa hiyo fainali ile iliwakuta wavuvi wako nchi kavu. Kutoka Ujiji, Kibirizi na Katonga watu walipanda mjini wakiwa na nafasi, na baadhi yao wakiwa na akiba ya mauzo ya siku za giza.

Wageni nao walimiminika. Wako waliokuja kwa reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 baada ya kukata nchi kwa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Wako waliokuja kwa mabasi kupitia Kasulu na Uvinza, na wako waliokuja kwa mitumbwi ya injini kutoka vijiji vya kusini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika chumba katika nyumba moja ya wageni. Nilipofika Ijumaa nikaambiwa bei imekwisha kupanda mara mbili, na chumba chenyewe kimekwisha kupata mtu. Usiku huo nililala kwenye kochi kwa shangazi yangu, Mwanga.

Sasa, msikilizaji unaweza kuuliza: timu mbili za Kariakoo zilifuata nini Kigoma? Hapa pana jambo la kueleza.

Ligi ni mashindano ya nyumbani na ugenini. Kila timu hucheza kwake, kisha humfuata mwenzake kwake, na mwisho pointi zinahesabiwa. Kombe la Shirikisho ni la mtoano: ukifungwa unafungasha. Na katika mtoano, fainali haina mwenyeji. Ni Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, linaloamua ichezwe wapi. Mwaka 2016 ilichezwa Dar es Salaam. Kisha TFF ikaanza kuitembeza: mwaka 2017 Dodoma, 2018 Arusha, 2019 Lindi, 2020 Sumbawanga. Mwaka 2021 ikawa zamu yetu. Hata nusu fainali za mwaka huo zilichezwa mikoani. Yanga iliitoa Biashara United ya Mara kwa bao 1-0 pale Tabora, na Simba ikaitoa Azam kwa bao 1-0 pale Songea, bao lililopatikana jioni kabisa mwa mchezo.

Ni mpango mzuri, na mimi niliusifu wakati ule. Mtoto wa Sumbawanga au wa Kigoma naye apate kuwaona kwa macho wale anaowasikia redioni. Lakini kumbuka, msikilizaji, kwamba fainali ya namna hii ni zawadi, na anayepewa zawadi hana haki ya kuidai tena mwaka unaofuata.

Tuje kwenye mchezo wenyewe. Simba walikuwa wamekwisha kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu kwa mara ya nne mfululizo. Nafasi za kucheza Afrika hazikutegemea mchezo huu, kwani timu zote mbili zilikuwa zimejihakikishia Ligi ya Mabingwa kupitia ligi. Kilichobaki kilikuwa heshima, na kati ya hawa wawili heshima ni mzigo mzito. Mwezi Mei mchezo wao wa ligi ulivunjika kabla ya kuanza, baada ya saa kusogezwa kutoka 11 jioni hadi 1 usiku. Yanga wakafika saa ya kwanza, wakaondoka zao. Ulipochezwa tarehe 3 Julai, Yanga walishinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya. Kwa hiyo Simba walikuja Kigoma wakiwa na ubingwa mkononi na deni moyoni.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kukamiana. Yanga ya kocha Nasreddine Nabi ilibana katikati, Simba ya Didier Gomes ikawa inatafuta njia pembeni. Kabla ya mapumziko likatokea lililoamua mambo: kiungo wa Yanga, Mukoko Tonombe, alimchezea vibaya nahodha wa Simba, John Bocco, na mwamuzi akatoa kadi nyekundu. Upande wa kijani na njano ulinyamaza. Upande wa wekundu ukalipuka.

Watu wengi hudhani kadi nyekundu inapunguza mtu mmoja, basi. Hasara yake ni kubwa kuliko hiyo. Akitoka kiungo mkabaji, mabeki wanakosa ngao, na washambuliaji wanarudi nyuma kuziba pengo. Timu inaacha kushambulia, na timu isiyoshambulia haipati nafasi ya kupumua, kwa sababu kila mpira inaoutoa unarudi. Yanga walivumilia kwa ujasiri katika kipindi cha pili. Lakini anayezuia muda wote hutoa mipira mingi nje, na mipira hiyo huzaa kona. Zikiwa zimebaki takriban dakika 10, Luis Miquissone alipiga kona, na Taddeo Lwanga, kiungo kutoka Uganda, akaruka na kutia kichwa. Simba 1, Yanga 0. Mpaka kipenga cha mwisho matokeo yalikuwa hayo hayo, na Simba wakaondoka na makombe mawili ya msimu mmoja.

Hiyo ndiyo fainali. Sasa turudi kwa mzee na nyavu zake.

Shangazi yangu hukaanga migebuka na kuuza jioni barazani. Mwisho wa wiki ule aliuza mpaka samaki wakamwishia mara mbili, akamtuma kijana kufuata wengine. Waendesha bodaboda walifurahi. Wenye nyumba za wageni walifurahi zaidi, kama nilivyoonja mwenyewe. Lakini Jumatatu mabasi yaliondoka yamejaa. Jumanne jioni nilimkuta shangazi na sinia lake, wateja ni wale wale wa kila siku. "Wageni wako wamekwenda," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyewaalika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Mwenyeji alipata nafuu ya siku tatu. Mwaka 2022 fainali ilichezwa Arusha, 2023 Tanga, 2024 na 2025 Zanzibar. Zawadi ilikwenda kwa wengine, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Jambo lililonisumbua mimi ni jingine. Katika uwanja ule wa mpira, uliojaa watu wa Kigoma, hapakuwa na timu ya Kigoma. Tulikuwa watazamaji katika nyumba yetu. Na si kwamba mkoa huu hauna vipaji. Mwaka 2003 Simba walipowavua ubingwa wa Afrika Zamalek ya Misri, kwa mikwaju ya penalti pale Cairo, langoni alisimama Juma Kaseja, kijana wa Kigoma. Kwa miaka mingi tulikuwa tunalea wachezaji, kisha tunawapandisha treni, halafu tunawasikiliza redioni.

Mabadiliko yalikuja miaka miwili baada ya fainali, tena bila shamrashamra za kitaifa. Mashujaa FC, timu ya jeshi letu, JWTZ, yenye makao yake Kigoma, ilikuwa ikipambana katika Ligi ya Championship, yaani daraja lililo chini ya Ligi Kuu. Mwaka 2023 ilifika kwenye mechi za mchujo, ambako timu iliyoponea chupuchupu kushuka Ligi Kuu hukutanishwa na ile inayobisha hodi kutoka chini. Mpinzani alikuwa Mbeya City. Hapa nyumbani Mashujaa walishinda 3-1, wakaenda Mbeya wakashinda tena 1-0. Jumla 4-1, na mkoa ukaingia Ligi Kuu.

Hapo, msikilizaji, naomba tufanye hesabu ndogo. Ligi Kuu ya msimu wa 2023/24 ilikuwa na timu 16. Kila timu ilicheza michezo 30, nusu yake nyumbani. Maana yake Kigoma ilistahili michezo 15 kwa msimu, na ratiba ndiyo iliyotoa haki hiyo. Fainali ilimletea shangazi yangu mwisho wa wiki mmoja. Ligi inamletea kumi na tano, zilizogawanyika katika msimu mzima. Uwanja haujai kila mara, sikatai. Lakini anayejua kwamba wiki mbili zijazo kuna mchezo anaweza kupanga biashara yake, na kijana wa Ujiji anayecheza peku mchangani anajua kwamba timu anayoitamani anaweza kuifikia kwa miguu.

Na haki hiyo ilizaa jambo ambalo fainali isingeweza kulizaa. Tarehe 9 Aprili 2024, katika kombe lile lile la mtoano na kwenye uwanja ule ule, Simba walirudi. Safari hii hawakukutana na Yanga, walikutana na wenyeji. Dakika 90 zilikwisha kwa 1-1. Zikaja penalti, mmoja mmoja, mpaka Mashujaa wakashinda 6-5. Simba, waliobeba kombe mbele yetu mwaka 2021, walitolewa mashindanoni mbele yetu. Hata mashabiki wa Simba wa hapa Kigoma, na ni wengi, walirudi nyumbani wakiwa hawajui wanune au watabasamu.

Lakini nisikudanganye kwa furaha. Kupanda ni kazi moja na kukaa ni nyingine. Mkumbuke Biashara United, wale waliotolewa na Yanga pale Tabora. Kutoka ligi ya msimu ule walipata nafasi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba 2021 waliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, kisha safari ya Libya kwa mchezo wa marudiano ikawashinda, wakaondolewa mashindanoni. Msimu huo huo wakashuka daraja. Mara ilikuwa na timu yenye uwezo wa kuwafunga Walibya, ikakosa namna ya kuwafuata kwao. Mashujaa ina jeshi nyuma yake, na hiyo ni bahati, lakini jeshi haliwezi kununua tiketi kwa niaba yetu. Tukiwaachia wanajeshi timu yote, halafu sisi tukajaza uwanja siku za Simba na Yanga peke yake, tutakuwa tumerudi mwaka 2021, watazamaji katika nyumba yetu.

Kwa hiyo mzee wangu wa Ujiji, kama unanisikia, jibu langu ni hili. Fainali ile ilituachia nafuu ya siku tatu, bao moja la kusimulia, na aibu kidogo ya kukosa timu yetu. Siwezi kudai kwamba ndiyo iliyoipandisha Mashujaa. Waliipandisha wachezaji wake, kwa jasho lao. Lakini nadhani ilitufundisha kutofautisha mgeni wa kualikwa na haki ya kuandikiwa ratiba. Wewe mwenyewe unajua kwamba usiku mmoja wa dagaa wengi haulishi nyumba mwaka mzima. Kinacholisha ni kwenda ziwani kila giza linaporudi.

Na lile deni la tiketi nalilipa mimi. Mchezo ujao wa nyumbani, hata kama mgeni ni timu isiyo na jina kubwa, nitapita Ujiji kukuchukua. Shangazi ameahidi kutuwekea migebuka miwili. Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.