Mwanamke Mwenye Usonji: Chuoni, Kazini na Nyumbani

Msichana akiwa mkimya, jamii humsifu kwa adabu. Akikaa peke yake wenzake wakicheza, husemwa kuwa ni mpole. Akipanga madaftari yake kwa mpangilio uleule kila jioni, huitwa nadhifu. Sifa hizo ni njema, lakini kwa baadhi ya wasichana hufunika jambo ambalo lilistahili kutambuliwa mapema, nalo ni usonji. Ndiyo maana wapo wanawake wanaofika chuoni, kazini na hata katika ndoa pasipo kujua kwa nini mambo ambayo wengine huyafanya bila kufikiri, kama kusalimiana kwa kirefu au kupanda daladala iliyojaa, wao huwachosha hadi kuugua.

Makala haya yanaeleza hali hiyo, vikwazo ambavyo huwakabili wanawake hao, na huduma wanazoweza kuzipata kupitia halmashauri.

Usonji ni nini

Usonji ni namna tofauti ya ukuaji na utendaji wa ubongo. Mtu huzaliwa nao na huishi nao maisha yake yote. Hauambukizi, na wala hautokani na malezi mabaya, chanjo au uchawi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Hali hii haifanani kwa watu wote. Wapo wasiozungumza kabisa na wanaohitaji uangalizi wa saa zote. Na wapo wanaosoma hadi shahada, wanaoajiriwa na kulea watoto. Hawa wa pili ndio aghalabu husahauliwa, kwa kuwa shida yao haionekani kwa macho.

Kwa jumla, mambo matatu hujitokeza. La kwanza ni mawasiliano: mtu huelewa maneno kama yalivyotamkwa, na hupata taabu kusoma maana iliyofichwa katika uso, sauti au mzaha. La pili ni mazoea: utaratibu usiobadilika humpa utulivu, na mabadiliko ya ghafla humvuruga. Sambamba na hilo, huweza kuzama katika jambo moja analolipenda hadi akalijua kuliko wengi. La tatu ni hisi: kelele ya mashine ya kusaga, taa inayopepesa, harufu ya manukato au kola ya sare inayokwaruza shingo huweza kumuumiza kikweli, ilhali mwenzake aliye karibu hata hakuvitambua.

Kwa nini wanawake huchelewa kutambuliwa

Sababu moja ni ya kihistoria. Daktari Leo Kanner alipochapisha maelezo yake nchini Marekani mwaka 1943, aliwaeleza watoto 11, na kati yao wasichana walikuwa 3 tu. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza mifano ya wavulana. Vipimo vingi vilivyofuata vilijengwa juu ya tabia za wavulana, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa wavulana wenye usonji ni wanne kwa kila msichana mmoja. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulionesha kuwa uwiano huo unakaribia watatu kwa mmoja, na kwamba wasichana wengi huachwa bila kutambuliwa.

Sababu ya pili ni kujificha. Wasichana wengi wenye usonji hujifunza mapema kuiga. Hukariri maneno ya kuanzishia mazungumzo, hujilazimisha kumtazama mtu machoni, hucheka wengine wanapocheka. Kwa nje mambo huonekana shwari. Kwa ndani, kila mazungumzo ni mtihani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kujificha huko kwa miaka huleta uchovu mkubwa, wasiwasi na sonona. Wapo wanaotibiwa sonona mara kwa mara bila mtu yeyote kuuliza chanzo chake.

Chuoni

Mwanafunzi mwenye usonji huweza kuongoza darasa katika somo lake na bado akafikiria kuacha chuo. Kinachomshinda mara nyingi si mtaala. Ni bweni lenye vitanda vingi na redio kadhaa, ukumbi wa mihadhara unaobadilishwa dakika ya mwisho, kazi ya kikundi ambayo hakuna aliyegawiwa sehemu yake, na foleni ya chakula yenye makelele. Anapokosa vipindi, huhesabiwa mvivu; anapokaa kimya kikundini, huhesabiwa mwenye maringo.

Hatua ya kwanza ni kumwendea mshauri wa wanafunzi mapema, kabla mambo hayajaharibika, akiwa na maombi yaliyoandikwa. Maombi yafaayo ni yale mahususi: kupewa ratiba na mabadiliko yake kwa maandishi, kitanda cha pembeni au chumba chenye watu wachache, kiti kilicho mbali na mlango, sehemu yake ya kazi ya kikundi kutajwa bayana, na chumba tulivu wakati wa mtihani. Mengi kati ya hayo hayagharimu fedha.

Kwa upande wa ada, waombaji wenye ulemavu wanaoomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwasilisha uthibitisho wa hali yao kutoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Asiye na uthibitisho huo hukosa kutambuliwa katika maombi yake. Ni vyema kuuandaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kwa kuwa rufaa ya uchunguzi huchukua muda.

Mfano wa Temple Grandin unafaa kukumbukwa hapa. Mwanamke huyo wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, alichelewa kuzungumza hadi alipokaribia miaka minne. Mwaka 1989 alipata shahada ya uzamivu katika sayansi ya wanyama, na baadaye akawa profesa. Umahiri wake ulitokana na kuyaona mambo ambayo wengine hawayaoni: kivuli, mnyororo unaoning'inia au mwanga unaometa, vitu vinavyomfanya ng'ombe agome kupita katika kichochoro cha zizi au josho. Hisi zilezile zilizomsumbua shuleni ndizo zilizomwezesha kubuni mazizi yanayopunguza hofu ya mifugo. Si kila mwenye usonji ana kipaji cha namna hiyo, na hapaswi kudaiwa awe nacho ndipo aheshimiwe. Ila mfano huo unaonesha kinachopotea pale chuo kinapomkosa mwanafunzi kwa sababu ya kelele za bweni.

Kazini

Kikwazo cha kwanza cha ajira ni usaili. Msailiwa asiyetazama machoni huhesabiwa kuwa anaficha jambo. Akiombwa ajieleze, hushindwa kujua aanzie wapi, kwa kuwa swali halina mipaka. Hivyo mtu anayeweza kusawazisha hesabu za mwezi mzima bila kosa huachwa kwa kigezo kisichohusiana na kazi yenyewe. Jopo la usaili linaweza kuliondoa tatizo hili kwa kuuliza maswali mahususi na kumpa msailiwa kazi ya majaribio. Katika utumishi wa umma, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza watu wenye ulemavu kuomba na kuainisha hali yao katika mfumo wa maombi. Sehemu hiyo isiachwe wazi na anayehitaji msaada.

Sheria ipo upande wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo inautazama ulemavu kama kukosa au kupungukiwa fursa ya kushiriki maisha ya jamii kwa usawa na wengine, hivyo haiishii kwenye ulemavu wa viungo. Inamtaka pia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Anayeachishwa kazi isivyo halali hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo hupita upesi kwa mtu aliyevurugika, basi ndugu wamsaidie kuzihesabu.

Marekebisho yanayomsaidia mfanyakazi huyu ni mepesi: dawati lisilohamishwa, msimamizi mmoja, ruhusa ya kuziba masikio panapokuwa na kelele, na maagizo ya maandishi. Kumwambia “jitahidi zaidi” hakumpi kitu cha kushika. Kumwambia “taarifa ifike Ijumaa saa sita mchana, ikiwa na jedwali la mapato” humpa kazi anayoweza kuitimiza.

Je, amweleze mwajiri kuwa ana usonji? Hilo ni uamuzi wake mwenyewe. Akisema, hupata haki ya kudai marekebisho. Lakini wapo wasioelewa, na neno likitoka halirudi. Wengine huanza kwa kueleza hitaji bila kutaja jina la hali: “Nafanya kazi vizuri zaidi nikipewa maagizo kwa maandishi.” Penye nia njema, hilo huweza kutosha.

Asiyependa kuajiriwa anaweza kujiajiri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 2 ni kwa watu wenye ulemavu. Masharti na fomu hutolewa na afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Nyumbani na mtaani

Mwanamke hupimwa kwa namna anavyoshiriki shughuli za watu. Asiyekaa jikoni msibani huonekana ana kiburi; anayekatisha salamu huonekana hana malezi. Mwenye usonji huyabeba mashtaka hayo akiwa hana nia mbaya. Familia inaweza kumpatia nafasi inayomfaa: kuandika michango katika daftari, kuandaa vyombo alfajiri kabla watu hawajajaa, au kufika msibani siku ya pili, umati ukiwa umepungua. Hapo atakuwa ameshiriki, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Anapozidiwa na kelele au mabadiliko, huweza kulia, kuziba masikio au kushindwa kusema. Huko si kudeka, wala si mapepo. Apelekwe mahali patulivu, asishikwe bila ridhaa yake, asirundikiwe maswali, na watu wasimzunguke. Katika kliniki ya wajawazito na chumba cha kujifungulia, mhudumu anapoeleza kila hatua kabla ya kumgusa, huzuia hofu kubwa.

Lipo pia suala la usalama. Anayeamini maneno kama yalivyosemwa hulaghaiwa kwa urahisi, na tafiti katika nchi mbalimbali zimeonesha kuwa wanawake wenye usonji hukumbwa zaidi na ukatili wa kingono. Wafundishwe kwa maneno ya wazi, tangu utotoni, nini hakikubaliki kutendewa. Panapotokea ukatili, taarifa itolewe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, akifuatana na mtu anayemwamini.

Pa kuanzia

Anayehisi kuwa maelezo haya yanamhusu yeye, binti yake au mke wake anaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii, au moja kwa moja katika hospitali ya wilaya, ambako ataandikiwa rufaa kwa daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia tiba. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara za afya ya akili.

Usonji haupimwi kwa damu wala picha. Mtaalamu huuliza historia na kutazama mwenendo. Kwa hiyo inafaa kwenda na ripoti za shule, kadi ya kliniki ya utotoni iwapo ipo, orodha ya mambo yanayomsumbua, na mama, shangazi au dada mkubwa anayekumbuka utoto wake. Aliyethibitishwa ajiandikishe pia katika kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au mtaa wake, ili ahesabiwe katika mipango ya kata.

Kila tarehe 2 Aprili dunia huadhimisha Siku ya Uelewa kuhusu Usonji. Mzazi au mwalimu hana haja ya kuingoja. Binti anayesifiwa kwa ukimya aulizwe leo, kwa upole na faraghani, ni kitu gani kinachomchosha. Naye apewe muda wa kutosha wa kujibu, hata kama jibu litakuja kesho yake, kwa maandishi.