Lundo Linalofuka Alfajiri

Ujumbe umetoka kwa msomaji wa pande za Ipinda, wilayani Kyela. Baada ya kuvuna mpunga alirundika nyuma ya jiko maganda ya kakao, mavi ya ng'ombe, maganda ya ndizi na mabua ya mpunga. Siku ya nne, alfajiri, lundo likaonekana linafuka moshi. Mama mkwe akachota ndoo ya maji. Msomaji akamzuia kwa adabu zote, kisha akaniandikia: "Dada, hili litawaka?"

Lundo la nyumbani, tena bichi namna hiyo, haliwaki. Kinachofuka ni mvuke. Katikati ya mwaka hata huku bondeni alfajiri hupoa, na ndani ya lundo kuna joto la chai ambayo huwezi kuinywa kwa pupa. Hewa ya moto yenye maji inapotoka na kukutana na ubaridi, inafanya kile kile inachofanya juu ya sufuria. Msalimie mama, ugonile, na ndoo airudishe jikoni.

Habari za matabaka, kipi kiwe chini na kipi kiwe juu, sitaziandika. Mabwana shamba wamezieleza hadi sauti zimewakauka. Mimi nimenaswa na swali moja: hilo joto linatoka wapi? Kuni hamna, kiberiti hamna, na jua halifiki katikati ya mavi ya ng'ombe.

Linatoka kwa walaji. Kila anayekula na kupumua hutoa joto. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa takriban wati 100, kwa hiyo watu 10 kwenye benchi ni pasi moja ya umeme. Sasa fikiria harusi katika ukumbi wa bati usio na feni.

Wageni wa kwanza ni bakteria wa kawaida, wapenda hali ya hewa ya wastani. Wanavamia vyepesi: soda na sambusa, ambavyo kwenye lundo ni sukari na wanga, ule utelezi mtamu uliobaki ndani ya ganda la kakao na sehemu laini ya ganda la ndizi. Hawa hawazaani kama sisi. Mmoja hujigawa akawa wawili, na wenye kasi hufanya hivyo kila nusu saa, kwa hiyo kabla mshereheshaji hajapata kipaza sauti ukumbi umeshafurika. Joto linapanda. Likipita nyuzi 40 wageni hao wanazidiwa na joto walilolitengeneza wao wenyewe. Wanalegeza tai, wanatoka nje, na wengi wanafia mlangoni (bibi harusi anisamehe). Ndipo linaingia kundi la pili, lililokuwa limejikunyata nje likitetemeka, lisiloweza hata kushika kijiko mpaka ukumbi uwe tanuri. Hawa wanakula waliyoyaacha wenzao, mafuta na nyama ngumu, na wanasukuma joto hadi nyuzi 60 na 65. Mbegu za magugu zinakufa humo, na mayai ya minyoo pia. Likizidi 70, nao wanaanza kuanguka. Hewa ikiisha wanazimia, labda mtu aje afungue madirisha, na kugeuza lundo kwa uma ni huko kufungua madirisha. Chakula kikiisha wanaondoka bila kuaga. Wanabaki wazee wa taratibu, kuvu na jamaa zao, wanaotafuna mifupa, yaani vijiti na nyuzi za mabua. Mwisho wanaingia nyungunyungu kufagia.

Kundi la pili halina jina la Kiswahili lililozoeleka, na jambo hili linaniudhi. Wengine huandika "bakteria wa joto kali", ambalo linasikika kama utabiri wa hali ya hewa. "Vijidudu" ndiyo kabisa sitaki. Sikio letu likisikia vijidudu linafikiri kuhara. Napendekeza vipendajoto. Mhariri alitaka "wapendajoto", akidai ni viumbe hai. Nikamjibu kwamba hata kifaru na kiboko wana ki- mbele na bado wanakimbia, hatusemi "vinakimbia". Jina livae vi- kwa udogo, kitenzi kivae wa- kwa uhai: vipendajoto wanakula. Amekubali kwa shingo upande.

Mkulima wa Kyela ameshawahi kuandaa harusi ya aina hii, ila haiiti lundo. Anapovundika kakao kwenye sanduku au majani ya migomba, hamira za porini hugeuza sukari ya ute kuwa pombe. Anapozigeuza mbegu, hewa inaingia, na bakteria watengenezao siki wanaichoma ile pombe. Joto linafika nyuzi 45 hadi 50, mbegu inakufa isiote tena, na ladha ya chokoleti inaanzia hapo. Msomaji wangu huweka mkono kwenye sanduku hilo bila hofu ya moto. Lundo lake ni shughuli ile ile yenye vyakula vingi zaidi.

Kwa nini basi karai la maganda karibu na mlango halichemki? Kwa sababu kikombe cha uji hupoa kabla ya sufuria. Lundo la mchemraba lenye mita 1 kila upande lina ngozi ya mita za mraba 6 inayopoteza joto. Likate liwe nusu mita kila upande, na kila sehemu ya takataka sasa ina ngozi mara mbili. Walaji wanatoa joto lile lile, lakini linatoroka. Chini ya mita moja utapata mboji, ila kwa uvumilivu. Wamatengo wa Mbinga, kwenye milima ya mashariki ya ziwa letu la Nyasa, wamefanya hivyo siku nyingi katika ngoro zao: nyasi hulazwa kwa mistari, udongo hufukuliwa na kuzifunika, nazo huoza polepole bila mvuke wowote.

Kipimajoto ni kijiti kirefu. Kichomeke hadi katikati, kiache, kichomoe, kishike. Kikiwa cha moto, waache wageni wale. Kikipoa, geuza. Ukigeuza utakuta utando mweupe kama majivu, na hapo mama mkwe atasema si nilisema moto. Ni aktinomaisiti, bakteria wanaojenga nyuzi kama kuvu, na harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi ni yao. Kutoka kwa ndugu zao wa udongoni, mwaka 1943, Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey alipata streptomaisini, kiuavijasumu cha kwanza kilichokiweza kifua kikuu. Nobeli ya 1952 ilikwenda kwa Waksman peke yake. Bado naona haya kwa niaba ya waliotoa tuzo.

Mvua za bondeni zinapoanza kweli, funika kwa majani ya migomba au bati, maana maji hufukuza hewa na lundo hunuka mayai viza. Maganda ya kakao yaliyooza kwa ugonjwa yaende katikati kwenye joto, yasibaki pembeni. Nyama usitie.

Wakati makala hii inakwenda kwa mhariri umeingia ujumbe wa pili. Mama mkwe amechomeka kijiti mwenyewe, amekishika, amekirusha, na anauliza kama humo viazi vinaweza kuiva. Kwa nyuzi 65 haviivi, mama. Yai litaganda nusunusu, lakini mimi sitalila.