Kiingilio Kikipanda, Nani Ataitikia?

Ndugu msomaji, nianze na kisa changu mwenyewe, kwani wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Miaka kadha iliyopita nilimwahidi mpwa wangu, mtoto wa miaka 10 wakati ule, kwamba nitampeleka kutazama mechi ya kombe katika uwanja mmoja hapa kwetu Pwani. Ahadi ni deni, na mtoto ni mdai asiyesahau. Wiki nzima alikuwa akinisubiri nje ya msikiti baada ya swala ya Magharibi. "Mjomba, Jumapili twenda?" Nami nikimjibu, "Inshallah, twenda."

Siku ilipofika tuliondoka mara baada ya Adhuhuri, yeye na fulana ya rangi ya timu yetu, mimi na kofia yangu na pesa nilizozitenga tangu mwanzo wa mwezi. Tulipofika mlangoni tukakuta bei si ile iliyotangazwa. Kiingilio kilikuwa kimepandishwa maradufu asubuhi ile ile, kwa hoja kwamba hii ni mechi ya kombe, si mechi ya ligi.

"Na mtoto je?" nikauliza.

"Mzee, mtoto naye si atakaa?" akanijibu mwuza tiketi.

Nilizihesabu noti zangu mara mbili, kama mtu anayetumai kwamba zitazaana mkononi. Zilitosha kiingilio cha mtu mmoja na nauli ya kurudi nyumbani. Basi nikamkatia tiketi mtoto, nikamkabidhi kwa jirani yangu aliyekuwa akiingia na wanawe, nami nikabaki nje chini ya mwarobaini, nimeegemea ukuta. Mechi ile niliitazama kwa masikio. Sauti ilipopanda nilijua kuna hatari, na ilipopasuka nilijua ni bao, lakini bao la nani nilikuwa nikimwuliza mwuza njugu, naye alikuwa akibahatisha kama mimi.

Mtoto alipotoka alinirukia. "Mjomba, uliliona lile bao la pili?" Nikamwambia nililisikia. Akanyamaza. Njia nzima hakunisimulia tena habari za mechi, na mimi nikajua kwamba furaha yake nimeitia kasoro.

Kwa muda mrefu nilidhani kisa hiki ni changu peke yangu na wenzangu wa mfuko mwepesi. Lakini nilipokisimulia barazani, mwenzetu mmoja anayefuata sana kandanda ya Ulaya alicheka, akaniambia, "Sheikh wangu, wewe ulibaki nje kwa kukosa. Wako waliobaki nje na tiketi mifukoni." Nikaifuatilia habari hiyo, nikaona ni kweli.

Jumanne tarehe 9 Februari 2016, timu ya Borussia Dortmund ilikwenda katika mji wa Stuttgart kucheza na wenyeji robo fainali ya Kombe la Ujerumani. Kipenga kilipolia, sehemu iliyotengewa mashabiki wa Dortmund ilikuwa na viti vitupu. Watu walikuwako, wamesafiri na wamelipa, lakini walikataa kuingia kwa dakika 20 za mwanzo. Malalamiko yao yalikuwa juu ya bei ya tiketi za mechi ile. Walipoingia hatimaye, wakaanza kurusha mipira ya tenisi uwanjani mpaka mchezo ukasimamishwa ili iokotwe. Wajerumani wana msemo wa kulisifia jambo bora kwa kuliita tenisi kubwa. Basi mashabiki wale waliutumia msemo huo kwa kejeli, wakainua kitambaa kilichosema kwamba kandanda lazima iwe ya bei ambayo watu wataimudu. Timu yao ilishinda mabao 3 kwa 1, lakini kesho yake habari iliyozagaa ilikuwa ya mipira ya tenisi.

Na hawa si watu waliozoea kunyanyaswa. Ujerumani ina kanuni kwamba wanachama wa klabu wawe na kura nyingi kuliko wenye mitaji, isipokuwa katika klabu chache zilizosamehewa. Nyumbani kwao Dortmund, upande wa kusini wa uwanja una jukwaa la watu kusimama lichukualo watu wapatao 25,000, na kusimama huko ni rahisi kuliko kukaa. Waliozoea haki ndio waliokuwa wepesi kuona inapopunjwa.

Siku tatu kabla ya hapo, tarehe 6 Februari 2016, Uingereza nako kulikuwa na kishindo. Wakuu wa Liverpool walikuwa wametangaza kwamba msimu uliokuwa ukija, tiketi ya juu kabisa itapanda kutoka pauni 59 hadi pauni 77, ambazo kwa kiwango cha siku zile zilikuwa kama shilingi 11,000 zetu. Liverpool ilikuwa ikicheza na Sunderland katika uwanja wake wa Anfield. Ilipotimia dakika ya 77, watu wapatao 10,000 waliinuka, wakatoka. Wakati huo Liverpool ilikuwa mbele kwa mabao 2 kwa nunge. Mechi ilipomalizika ilikuwa 2 kwa 2. Sisemi kwamba mabao yale mawili yaliingia kwa sababu watu walitoka, kwani mpira una mambo yake. Nasema tu kwamba siku nne baadaye, tarehe 10 Februari, wenye klabu waliomba radhi na bei ile ya pauni 77 wakaifuta. Mwezi uliofuata, klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kwamba shabiki mgeni asitozwe zaidi ya pauni 30. Lakini mapatano hayo yalikuwa ya ligi, hayakugusa mechi za kombe.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha jambo. Kwa nini kombe?

Huko Ulaya shabiki wa kudumu hununua tiketi ya msimu mzima, na tiketi hiyo aghalabu huhesabu mechi za ligi peke yake. Kombe likija huingiza mkono mfukoni upya. Tena mechi ya kombe ni ya kutoana, anayefungwa hana Jumamosi nyingine ya kulipa kisasi. Watu huitaka kwa pupa, na pale penye pupa bei hupanda. Mgeni aliyesafiri masaa mengi anakuta bei imepangwa na wengine. Katika Kombe la FA la Uingereza mapato ya mlangoni hugawanywa baina ya timu mbili, kwa hiyo hata mwenyeji mwenye huruma akipunguza bei, anapunguza pia fungu la mwenzake. Na nyuma ya hayo yote yuko mlanguzi, anayenunua tiketi kumi za halali ili aziuze moja moja kwa bei ya haramu.

Wala lawama hii si ya leo. Fainali ya kwanza ya Kombe la FA ilichezwa London tarehe 16 Machi 1872, na Wanderers wakawafunga Royal Engineers bao 1 kwa nunge. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, fedha isiyokuwa ndogo kwa kibarua wa siku zile, na watazamaji waliofika walikuwa kama 2,000 tu. Kumbe kombe lilizaliwa na kilio chake.

Barazani kwetu yuko mwenzetu mfanya biashara, mtu mwenye akili na nisiyependa kubishana naye. Yeye alisema, "Ami, biashara ni biashara. Mwenye mali huuza apendavyo, na asiyeweza hununua kingine." Nilimwomba anipe nafasi nimjibu kwa samaki. Nikienda sokoni nikakuta changu ni ghali, nitanunua tafi. Tafi akiwa ghali nitanunua dagaa, na mke wangu atawapika vizuri tu. Lakini mtu aliyezaliwa akaikuta nyumba nzima ni ya timu moja, akalia nayo na kucheka nayo miaka 40, utamwambia aende akapende timu nyingine kwa sababu ya bei? Hawezi. Na mwenye timu anajua kwamba hawezi. Kumwongezea bei mtu ambaye hana pa kwenda ni jambo linalohitaji kumwogopa Mungu, hata kama sheria ya soko hailikatazi.

Tena yako la pili. Samaki halipi mteja wake chochote isipokuwa nyama. Shabiki analipa, kisha anafanya kazi. Sisi tulioshika kalamu za ushairi twajua kazi ya kiitikio. Malenga huimba ubeti wake, lakini kiitikio ni cha watu, na mahali penye malenga hodari na watu walionyamaza hapana ngoma. Mwaka 1987, Gor Mahia ilipotoka sare ya 2 kwa 2 huko Tunis na Esperance, kisha 1 kwa 1 huko Kasarani ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa faida ya mabao ya ugenini, sisi vijana wa Mombasa tuliokuwa kando ya redio tuliujua mchezo kwa kelele za watu kabla hata mtangazaji hajamaliza sentensi yake. Watu wale walikuwa sehemu ya ushindi. Sasa mwite mtu aje kuitikia, kisha umtoze kama sultani aliyekuja kutumbuizwa. Ni haki hiyo?

Ubaya huu ukafika hata kileleni kabisa. Mnamo Desemba 2025, mashabiki walipoonyeshwa bei za Kombe la Dunia la mwaka 2026, tiketi ya chini kabisa ya fainali katika fungu lao ilikuwa zaidi ya dola 4,000, yaani zaidi ya nusu milioni ya shilingi zetu. Muungano wa mashabiki wa Ulaya ulilaani ukasema huo ni usaliti. Haukupita muda FIFA ikatangaza kwamba patakuwa na tiketi za dola 60 kwa kila mechi, fainali ikiwamo, zitolewe kwa mashabiki wa kudumu kupitia vyama vya nchi zao. Zilikuwa chache, lakini ni ushahidi kwamba kelele ya watu hufika hata ghorofa za juu.

Mimi sisemi mpira uwe wa bure. Hapa kwetu klabu nyingi hazina fedha za televisheni kama za Ulaya, na pesa ya mlangoni ndiyo nauli ya wachezaji na chakula chao. Ninalolitaka ni dogo. Bei itangazwe mapema, isibadilishwe mlangoni. Mtoto awe na kiingilio chake, kisiwe sawa na cha baba yake. Na upande mmoja wa uwanja, hata kama ni wa juani, uachiwe mwenye shilingi chache.

Nalitaka hili kwa sababu ya deni langu. Mnamo miaka ya 80, mjomba wangu alikuwa akinishika mkono kunipeleka uwanjani Mombasa. Njiani akinisimulia jinsi Feisal yetu ilivyoutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na mimi nikiona kama kwamba nilikuwako. Mlangoni bawabu alimtazama mjomba, akanitazama mimi, kisha akageuza uso upande wa pili, nami nikapita bila ya tiketi. Pengine siku ile hesabu yake ilipungua senti chache. Lakini kwa kugeuza uso kule alipata shabiki wa miaka 40 na zaidi, ambaye tangu hapo amelipa kiingilio mara nyingi asizoweza kuzihesabu.

Mpwa wangu sasa ni kijana mrefu kuliko mimi. Mpira anautazama kwenye simu, timu azitajazo ni za ng'ambo, na nikimwambia twende uwanjani hunijibu kwa adabu, "Wende mjomba, utanisimulia." Sijui kama ni ile Jumapili, au ni zama tu. Lakini kila asemapo hivyo naukumbuka ule ukuta na ule mwarobaini.

Kwa wanaopanga bei za makombe yetu, nawaachia ubeti huu mmoja:

Gozi bila mashabiki, ni ngoma isiyolia,
Fukara habaguliki, mlangoni kuingia,
Bei ikizidi haki, viti vitawabakia,
Na wimbo hauimbiki, bila wa kuitikia.